Msalaba wa Nta wa Goulven Malgorn

Anayetaka habari za manowari ya frigeti iitwayo Matineuse na aende Brest akawaulize makarani wa bandari ya mfalme. Watamwambia iliundwa na fundi gani, ilishushwa majini mwaka gani, makapteni wake walikuwa nani na mizinga yake ilikuwa mingapi. Yote hayo ni kweli, na yote hayo hayatoshi. Hawatamtajia Goulven Malgorn wa hapa Ouessant, ambaye alikuwemo ilipotoka bandarini mara ya kwanza, alikuwemo ilipoingia mara ya mwisho, na katikati ya safari hizo alizikwa na sisi watu wa kisiwa chake akiwa mzima.

Hapa kwetu mwanamume ni wa mfalme tangu anapoota ndevu. Jina lake linapelekwa Brest, na zamu yake ikifika anaitwa. Vita vikiwako anaitwa hata kabla ya zamu. Wanawake ndio wanaolima shayiri, wanaochunga kondoo, wanaokata udongo wa kuwashia moto na kukokota mwani kutoka ufukweni. Goulven aliitwa wakati wa vita vile vya zamani na Waingereza, mwaka wa 1761, akapelekwa kwenye manowari mpya ambayo bado ilikuwa inanukia mbao mbichi. Iliitwa Matineuse, yaani mwanamke anayeamka mapema. Mabaharia walisema jina hilo lilitolewa na bwana mmoja ambaye mwenyewe hulala mpaka jua liwe juu.

Ilijengwa kwa haraka kwa sababu ya vita. Mbao zake za mwaloni hazikuachwa zikauke. Zilikaukia baharini, zikaachana, na maji yakapata njia. Palivuja hasa upande wa kushoto, karibu na omo, yaani mbele ya meli. Kila iliporudi Brest mafundi waliuziba ufa huo kwa kalafati ya nyuzi na lami, na kila ilipokutana tena na mawimbi makubwa ufa ulifunguka. Kwa hiyo Matineuse ilikwenda kwa upepo kama meli zote, lakini ilibaki juu ya maji kwa mikono ya watu waliosukuma bomba la kutolea maji. Goulven alikuwa na mabega mapana. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, alimtazama mara moja akamwonyesha bomba lilipo, na hapo ndipo ujana wake ulipoishia.

Kwenye manowari za mfalme mabaharia wawili hupewa kitanda kimoja cha turubai. Mmoja akiwa zamu juu ya sitaha, mwenzake analala. Kengele ikilia wanabadilishana. Mwenzake Goulven alikuwa Bizien, mtu wa Conquet, mwembamba, mwenye maneno mengi. Walilalia turubai moja kwa miaka mingi bila hata mara moja kulala pamoja, na kitanda chao hakikuwahi kupoa. Bizien alipenda kusema kwamba mke wa Goulven akijua jinsi mumewe anavyolalia jasho la mtu mwingine, atakuja na kipande cha nyama kumposa yeye Bizien.

Mke mwenyewe alikuwa Soaz, wa ukoo wa Noret. Alimposa Goulven kama ilivyo desturi yetu: alivaa vizuri, akachukua kipande cha nyama ya nguruwe, akaenda nacho nyumbani kwa mama yake Goulven na kukiweka mezani. Kijana akila, amekubali. Goulven alikuwa amerudi juzi yake kutoka kwenye visiwa vya Antili. Alikula, akaegemea ukuta, akalala palepale. Soaz alikuwa akisimulia baadaye kwamba aliketi mchana kutwa asijue kama amekubaliwa au anangojea tu mgeni aamke.

Vita viliisha, Matineuse haikuisha. Ilipelekwa Newfoundland kuwalinda wavuvi wa chewa, ikarudi na mlingoti mmoja umevunjika. Ilipeleka askari Antili, ikarudi nusu ya watu wake wakiwa na homa. Kisha ililazwa kwenye matope ya mto Penfeld, bila mizinga, na panya peke yao ndio waliokuwa zamu. Kila ilipotajwa kwamba itatolewa tena, mabaharia wa Ouessant waliomba kimoyomoyo wakaguzi waseme imeoza. Kila mara wakaguzi waligonga mbao kwa nyundo zao na kusema bado inafaa. Soaz alizaa watoto wawili, na wote wawili walizaliwa na kufa baba yao akiwa baharini. Goulven aliambiwa habari hizo gatini, na mtu aliyekuwa na haraka.

Kisha vikaja vita vya pili na Waingereza. Matineuse ilitumwa kuvizia meli za biashara kusini mwa Ireland, ikaikamata moja iliyobeba kitani na siagi. Afisa mmoja kijana aliwekwa juu ya meli hiyo pamoja na mabaharia wachache ili waipeleke Brest, na Goulven na Bizien walikuwa miongoni mwao. Bizien alifurahi sana. Alisema kwenye meli ya Waingereza kila mtu atapata kitanda chake, na atalala mpaka apate vidonda. Usiku huohuo tufani ilianza. Kulipokucha, watu wa Matineuse waliona mbao zikielea na mapipa ya siagi yakigongana, wakakata shauri kwamba wenzao wamezama. Walifika Brest wakasema hivyo.

Habari hiyo ililetwa kisiwani na mzee Jozon Berthelé, ambaye ndiye aliyekuwa anasimamia mabaharia wa hapa kwa niaba ya mfalme. Alikuwa mpiga mizinga zamani. Mguu wake mmoja ulibaki baharini. Jozon hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alisimama mlangoni kwa Soaz, akavua kofia, na Soaz akajua.

Baharia wetu akifia majini mwili haurudi, basi tunamzika kwa nta. Tunatengeneza msalaba mdogo wa kutosha kiganjani, tunaulaza mezani nyumbani kwake juu ya kitambaa cheupe, tunaukesha na kuusalia kama maiti. Padri anakuja na msalaba mkubwa na waimbaji, anauchukua mpaka kanisani, na baada ya misa ya wafu unawekwa kwenye kisanduku cha mbao pamoja na mingine. Humo unangoja mpaka siku misalaba yote itakapohamishiwa kwenye kaburi la pamoja uani. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia Goulven. Watu walijaa. Wanawake waliimba vizuri.

Lazima niseme wazi: tuliharakisha. Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu aliyeona maiti hata moja, au kama mbao zile zilikuwa za meli ileile. Tulikwisha zoea. Tumekesha misalaba mingi hata mikono yetu inaiumba yenyewe, na mtu aliyezoea kuzika haulizi sana.

Ulipita mwaka na zaidi. Asubuhi moja Soaz alishuka kukusanya mwani upande wa kaskazini, akaona mwanamume ameketi juu ya jiwe, miguu yake ndani ya maji, kama mtu aliyeshindwa kupanda hatua chache zilizobaki. Alidhani ni mlevi wa mashua za magendo za Roscoff, zinazopita karibu wakati huo wa mwaka. Alimwendea na reki mkononi.

"Wewe nani?"

"Nimechoka, Soaz. Usinipigie kelele."

Alimkaribia, akamshika sikio la kushoto na kulipindua nyuma, mahali palipokuwa na kovu la utotoni. Kisha akaketi kwenye mawe, mbali naye kidogo.

"Tulikuzika," akasema.

"Lini?"

"Mwaka juzi, baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote."

"Watu walikuja?"

"Wengi."

"Vizuri," akasema Goulven, na akauliza kama kuna mkate.

Yaliyompata aliyasimulia kidogokidogo, na si kwa kupenda. Tufani iliwatupa kwenye miamba ya Ireland. Yeye alitoka, afisa hakutoka, Bizien alishikilia kamba karibu naye akaongea muda mrefu, kisha akanyamaza. Wakulima wa huko, Wakatoliki kama sisi, walimficha askari wa Kiingereza wasimwone, akalima nao msimu mmoja na wa pili, mpaka mtu wa magendo aliyekuja kuuza pombe alipokubali kumchukua. Hakupita Brest wala Roscoff. Hakuna karani aliyemwona. Alishushwa pale kwenye jiwe, mashua ikaenda zake.

Kufikia mchana kisiwa kizima kilikuwa na habari. Mzee Jozon alikuja akichechemea, akamtazama Goulven kwa muda, akamkumbatia, kisha akasema jambo ambalo kila mtu alikuwa akilifikiria.

"Mimi nimeshaandika Brest kwamba umekufa. Sina wino wa kuandika tena. Maiti haitwi kazini, Goulven. Kaa hivyohivyo."

Padri alisema hatagusa kisanduku kanisani mpaka mwenyewe atakapoomba. Wanawake walisema wao ndio walioimba na hawadai nyimbo zao zirudishwe. Goulven hakusema ndiyo wala hapana. Alilala. Na sisi tulijiona watu wema sana, kwa sababu tulikuwa tumempata mtu mmoja ambaye mfalme hatampata tena.

Akaishi kama marehemu. Alijenga upya ukuta wa zizi, alichunga kondoo katikati ya kisiwa, mbali na bandari, na mashua ya mfalme ilipoonekana alijificha kwenye shimo la udongo. Utani ulikuwa mwingi. Wanawake walimwita Marehemu mbele ya uso wake: Marehemu, nishikie kamba hii, Marehemu, leo umekula kama mtu mwenye maisha marefu. Alicheka nao. Lakini kanisani hakuingia. Alisema hawezi kupiga magoti karibu na kisanduku chenye jina lake ndani, asijue ajiombee kama mtu hai au kama roho ya toharani. Na usingizi wake, Soaz alituambia, haukuwa usingizi wa nyumbani. Kila baada ya saa chache aliamka, akashuka kitandani na kuketi kwenye benchi, nafasi yake ikibaki wazi. Alikuwa anampisha Bizien.

Majira ya kuchipua yalipofika, habari zikaja kwamba Matineuse inatolewa tena. Safari hii walikuwa wameivika shaba chini, kwa namna mpya, ili minyoo isiile na iende kasi. Sehemu ya juu ilikuwa ileile. Ilihitaji watu, na Brest ikadai watu kutoka kila parokia. Kwetu walikwisha pungua. Zamu ambayo ingekuwa ya Goulven ilimwangukia Guénolé Noret, kaka yake Soaz.

Guénolé alikuwa ameachwa nyumbani mpaka hapo kwa sababu zilizojulikana. Mkewe, Barba, alikuwa mgonjwa wa kifua, hawezi kubeba hata ndoo, na watoto wao watatu walikuwa wadogo. Sasa sababu hizo hazikutosha. Kisiwa kizima kilijua kwa nini jina limefika kwake. Hakuna aliyelisema. Tulisalimiana njiani, tukaongea juu ya kondoo.

Siku chache kabla ya kuondoka, Guénolé alikuja nyumbani kwa dada yake mchana, amebeba chungu cha nyama ya kondoo iliyopikwa chini ya udongo unaofuka. Waliketi watatu wakala. Haya niliyasikia kwa Soaz mwenyewe, na kwa Guénolé pia, na yalilingana. Guénolé alipomaliza kulamba kijiko alimgeukia Goulven.

"Shemeji, nimekuja kuulizia nyumba ninayohamia."

"Nyumba gani?"

"Ile yako."

Goulven akaanza kumweleza, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Asikubali kutundika kitanda upande wa kushoto karibu na omo. Shaba inazuia minyoo, haizuii maji. Asiwe wa mwisho kupanda juu, kwa sababu wa mwisho hupigwa kwa kamba, wala asiwe wa kwanza, kwa sababu wa kwanza hupewa kazi ya wa mwisho. Maharage yakiwa na wadudu, asihangaike kuwatoa gizani, atapata tabu bure. Kwenye bomba asivute kwa mgongo, avute kwa miguu.

"Na nitalala na nani?"

"Na yeyote watakayekupa. Ukipata mtu anayekoroma mshukuru Mungu. Asiyekoroma, ukija kumwamsha hujui kama yu hai."

Guénolé alicheka, halafu akaacha.

"Sikuja kukulaumu."

"Najua."

"Dada akikuuliza, mwambie sikukulaumu."

"Mimi niko hapahapa," akasema Soaz. "Msinizungumzie kama kondoo."

Guénolé aliinuka akachukua chungu chake. Alifika mlangoni, akasimama huku amewapa mgongo, akasema neno moja la mwisho.

"Shemeji, nikipotea usikubali waniumbie msalaba upesi. Waambie wangoje kidogo. Wewe unajua."

Akaenda zake. Goulven hakutoka nje siku ile. Kesho yake asubuhi alimwomba Soaz shati lake safi, na Soaz akaelewa, na hapo ndipo walipogombana ugomvi wao mkubwa. Soaz alimwambia kwamba ameshatoa ujana wake, mabega yake na watoto wawili aliozikiwa na mkewe peke yake. Kwamba mfalme mwenyewe, angeulizwa uso kwa uso, angesema yatosha. Kwamba Guénolé ni kaka yake, anampenda, lakini ana nguvu na atarudi.

"Pengine," akasema Goulven.

"Basi kaa."

"Nimejaribu, Soaz. Sipati usingizi. Hii ni zamu yangu, na mtu akilala zamu yake, yuko mwingine anayekesha mara mbili. Nililalia turubai moja na Bizien miaka yote ile. Hakuna hata siku moja aliyochelewa kunipokea."

"Bizien amekufa."

"Amekufa zamu yake ikiwa imekwisha."

Soaz alimtupia shati hilo, halikuwa limekauka vizuri.

Ilikuwa Jumapili. Goulven aliingia kanisani misa ikiwa imeanza, akakaa nyuma. Mlio wa viatu vyake kwenye mawe ulisikika, na vichwa vikageuka kimoja kimoja. Misa ilipokwisha hakuna aliyetoka. Alitembea mpaka kwenye kisanduku, akamwambia padri: "Baba, nipe kilicho changu."

Padri alifungua. Kulikuwa na misalaba mingi, yote ya nta ileile, imeumbwa na mikono ileile, na hakuna awezaye kuitofautisha. Aliinua mmoja, akaurudisha, akainua mwingine. Alikuwa amepauka. Ilionekana huenda akalazimika kumpa mtu hai kifo cha jirani yake. Ndipo Soaz alipotoka upande wa wanawake na nywele zake mabegani. Akaingiza mkono ndani ya kisanduku bila kuomba ruhusa.

"Huu hapa. Nilibonyeza kidole changu nta ikiwa moto."

Kweli alama ilikuwapo. Hakumpa padri wala mumewe. Aliuingiza mfukoni mwa aproni yake na kutuambia sote, bila kupaza sauti, kwamba utakaa kwake, na kwamba hatakesha mara mbili kwa ajili ya mtu mmoja. Baada ya hapo alitoka.

Mzee Jozon alimfuata Goulven mpaka uani, akinung'unika kwamba sasa itambidi aandike Brest kuwa maiti imerudi, na watamwona amerukwa na akili. Akamwuliza aandike nini. Goulven alimjibu aandike kwamba baharia Malgorn amechelewa.

Nimewahi kusikia watu wakisema kosa letu lilikuwa kumzika mtu aliye hai. Hilo lilikuwa kosa la kweli, lakini lilikuwa la bahati mbaya. Kosa baya zaidi lilikuwa lile tulilolifanya kwa macho makavu: kumwambia abaki kaburini, huku tukijua ni nani atakayeingia mahali pake. Tuliliita hilo huruma. Huruma inayolipwa na jirani asiyeulizwa haistahili jina hilo, na ilitakiwa mtu aliyechoka kuliko sisi sote ndiye atuonyeshe.

Basi Goulven akapanda Matineuse tena. Hakuna aliyemshangilia. Serahangi alikuwa mpya, lakini naye alimtazama mabega na kumwonyesha bomba. Frigeti ilisindikiza meli za mizigo mpaka Antili, ikarushiana mizinga na Waingereza siku moja na kutoroka kwa sababu ya ile shaba, ikapata homa, ikazika watu baharini kila wiki, ikakaa Martinique miezi ikingoja amri ambazo hazikuja. Ufa wa kushoto ulivuja kama zamani. Goulven alisukuma bomba. Kitanda alikigawana na mtu wa Saint-Malo ambaye jina lake hakulitaja kamwe. Alisema tu kwamba alikuwa akichelewa.

Huku nyumbani, Barba alikufa majira ya baridi ya mwaka uleule. Guénolé alikuwapo. Alimshikia kichwa, akamzika, akabaki na watoto watatu ambao walikula kila siku. Sisemi zaidi ya hapo, maana si lazima.

Amani ilipotangazwa Matineuse iliingia Brest, na hatimaye wakaguzi waligonga mbao kwa nyundo zao na nyundo zikazama. Waling'oa milingoti, wakatoa mizinga, wakabomoa vyumba vya ndani. Ganda lililobaki lilifungwa mtoni kuwa ghala la kamba kuukuu, na miaka kadhaa baadaye likapasuliwa kuni za matanuri ya lami. Mabaharia wa Ouessant waliachiliwa warudi kwao. Goulven hakuwa miongoni mwao. Alikuwa hospitali ya mabaharia, anakohoa, hawezi kuinua mkono juu ya kifua.

Soaz alipoambiwa hayupo kwenye mashua, hakulia. Aligusa mfuko wa aproni yake na kuuliza ni nani aliyemwona kwa macho yake mwenyewe, akiwa hai au amekufa. Hakuna. Basi Guénolé akachukua mashua yake akaenda Brest. Alimkuta, akambeba mgongoni mpaka gatini, na akamlaza juu ya matanga. Chini ya matanga kulikuwa na mbao. Hapa kwetu hakuna miti. Mtu hatoki Brest mikono mitupu.

Njiani Goulven aliuliza mbao hizo ni za nini. Guénolé alisema ni za mlango wa zizi.

"Mlango mrefu hivi, na mwembamba?"

"Kondoo wangu wamekonda."

Goulven alivuta pumzi karibu na ubao, akanusa lami. Alifumba macho.

"Hizi ni za Matineuse."

"Walikuwa wanabomoa. Fundi mmoja alinipa."

"Nimeikimbia maisha yangu yote," akasema Goulven, "nanyi mnanipelekea nyumbani." Guénolé anasema alikuwa akicheka, kisha kikohozi kikamshika mpaka walipofika.

Aliishi mpaka shayiri ilipovunwa. Alilala mchana, alilala usiku, na Soaz alitueleza kwa mshangao kwamba sasa hakuamka tena kumpisha mtu yeyote. Alilala katikati ya kitanda, mikono imetanuka, hata yeye mwenyewe hakupata nafasi akahamia kwenye benchi. Hakuwa mzee. Alipokufa, alikufa akiwa ndani ya nyumba yake, akaoshwa na mkewe, akavikwa shati lililokauka vizuri. Wanaume wetu wachache sana wamepata hayo.

Guénolé aligonga jeneza kwa mbao zile, na nyumba yote ikanuka lami. Soaz alitoa ule msalaba mfukoni mwa aproni. Ulikuwa umepinda kwa joto la mwili wake, alama ya kidole bado inaonekana. Aliuyeyusha kwenye kikombe cha bati pamoja na kipande cha mshumaa, akatia utambi, akausimamisha karibu na kichwa cha mumewe.

Padri alifika na waimbaji. Mzee Jozon alifika. Tulikuwa tumejaa mpaka nje, kama mara ile ya kwanza. Guénolé alikuwa ameshika nyundo, na misumari iko mdomoni, lakini Soaz alimwekea mkono begani, akasema tungoje kidogo, mpaka mshumaa umalizike.

Tulingoja. Uliwaka polepole, jua likahama kutoka dirishani mpaka ukutani, na hakuna aliyemharakisha Goulven.